Pikipiki Hii ni ya Mama Yenu

Bismillahi. Sogeeni karibu, wanangu, wewe Mbaraka na wewe Mwanahalima, na mama yenu Mize asitoke, maana nitakayoyasema yanamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote, na sauti niliyobaki nayo si ya kusemea jambo mara mbili. Nyumba na minazi vina sheria yake, shehe atawagawieni kama Mungu alivyoamrisha. Kinachonikera hata nikashindwa kulala kwa utulivu ni ile pikipiki iliyoegemezwa ukutani pale uani, ambayo kijiji kizima cha Bweni huiita pikipiki ya Mzee Sabiti.

Mnajua nilivyoipata, nimewasimulia mara nyingi kwa majivuno. Mwaka ule wa Azimio mwenye duka mmoja wa Kilindoni alikuwa anahama, akaniachia kwa gunia moja la mbata: chuma kilicholiwa na kutu, hakina taa, hakina kiti, injini imekaza kama taya la maiti. Baba yenu mdogo Ussi ndiye aliyenisaidia kuisukuma hadi hapa, siku mbili mchangani, na njia nzima alikuwa akicheka kwamba badala ya pikipiki kutubeba, sisi ndio tunaibeba. Nikamwambia itatubeba. Nikaahidi kwamba siku itakapowaka, hapana mgonjwa wa Bweni atakayebebwa tena juu ya kitanda mpaka Kilindoni, kwa kuwa mimi nitakimbia nayo kwenda kuita gari la hospitali. Bibi yenu alikwisha kufa njiani kwa kubebwa hivyo, basi watu wakaniamini.

Sikujua nimejitia katika mateso gani. Kutu niliikwangua kwa mchanga na makumbi. Mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma ulikuwa umeoza na dukani hapakuwa na mwingine, nikalishindilia tairi usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, mpaka likawa gumu kama gogo. Boya la kabureta lilitoboka, nikachonga jingine kwa boya la wavu. Karatasi ya kuzibia injini nilikata jalada la daftari lako, Mwanahalima, ukalia kutwa. Kila kitu nilikipatia njia, kuwaka, haikuwaka. Napiga kiki mpaka goti linavimba, inakohoa mara mbili, inanyamaza. Miaka ikapita. Kikaja kijiji cha ujamaa, mwenyekiti akanisamehe kazi ya shamba la pamoja kila Alhamisi ili niitengeneze, wenzangu wakalima juani sehemu yangu ya muhogo, nami nimeketi uani nakitukana chuma.

Siku moja nilikuwa nimeitoa pistoni kwa mara sijui ya ngapi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya injini, na pistoni ya pikipiki hii ina kigongo kichwani, upande mmoja umesimama wima na upande wa pili una mteremko. Mama yenu alikuwa anapepeta mchele. Akasimama na ungo wake, akaitazama, akasema, "Baba Mbaraka, huu upande wa mteremko una masizi ya kale yaliyogandia, na moshi unatokea huku mbele. Moshi hauachi masizi usikopita. Nawe kila mara unaurudisha nyuma. Unaiweka kinyume."

Nikamjibu neno ambalo mpaka leo linaniuma: nilimwambia arudi kwenye masizi ya vyungu vyake. Nikaifunga vilevile. Msidhani sikuelewa. Nilielewa papo hapo, na ndiyo maana nilikasirika. Nilikwisha kuwatangazia watu kwamba mimi ndiye fundi na kwamba kilichobaki ni kipuri cha kutoka Dar es Salaam. Ningewaambiaje sasa kwamba kosa ni la mkono wangu, na aliyeliona ni mwanamke mwenye ungo? Mficha uchi hazai, wanangu. Nilikaa na kiburi changu miezi minane.

Ulipoingia mwezi wa tisa wa kiburi kile, Saleha, mke wa Ussi, akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Ussi akaja mbio asubuhi, hakuketi, akasema, "Kaka, jaribu leo tu."

Nikapiga kiki. Napiga, na ninajua. Mama yenu amesimama pale ananitazama, hasemi neno mbele ya shemeji yake. Nilihitaji saa moja tu ya kuifungua na kuigeuza, lakini kuigeuza mbele yao kulikuwa ni kukiri. Nikamwambia Ussi, "Kipuri hakijafika." Wakamfunga Saleha kitandani, wanaume wanane wakambeba, akafa kabla ya kufika Kirongwe, na mtoto wake tumboni.

Siku ya tatu nilirudi kutoka matangani nikamkuta mama yenu amekaa chini, mikono myeusi mpaka viwikoni, ameifungua injini kwa spana yangu na kuifunga tena. Akainuka, akapiga kiki mara tatu. Ikawaka. Watu wakaja mbio kutoka kila upande, na mimi, Mungu anisamehe, nikashika usukani nikasema kipuri kimefika. Walipotawanyika, mama yenu akaniambia, "Nitakusitiri, wewe ni mume wangu. Lakini usiniombe niuseme uongo huo kwa mdomo wangu." Na hajausema.

Tangu hapo mpaka petroli ilipoadimika, pikipiki ile imekwenda kuita gari mara nyingi, wamezaliwa watoto, wamepona watu, wameniombea dua, na kila dua ilinichoma. Ussi alizidi wote. Alikuwa akiniletea samaki, akisema laiti kipuri kile kingewahi wiki moja, lakini ndivyo Mungu alivyoandika. Sikuweza kuustahimili wema wake. Nikamtafutia kosa. Nikamzulia kwamba amesogeza mpaka wa minazi, nikaenda barazani nikaapa, nikapewa minazi mitatu isiyo yangu, kisha nikawakatazeni nyinyi kumwamkia. Nanyi mkanitii, mnampita baba yenu mdogo njiani kama mtu wa ng'ambo. Ugomvi ule hauna asili. Ameonewa, na mwonevu ni mimi.

Basi sikilizeni. Pikipiki msiitie katika mirathi, nakiri mbele yenu kwamba ni ya mama yenu. Akitaka kuiuza au kuitupa shimoni, asiulizwe. Minazi mitatu mrudishieni Ussi, na mkifika kwake mpeni shikamoo kwanza, msianze na minazi. Na wewe Mbaraka, mkeo akikwambia umekosea, tazama anachokuonyesha, usimtazame anayekuonyesha. Mimi nilimtazama anayeonyesha, na Saleha yuko kaburini.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Ussi aitwe sasa hivi. Nataka alisikie kwangu. Pumzi ikinikatika kabla hajafika, Mize, mwambie wewe. Umenisitiri vya kutosha, sitara ile nimeifungua mwenyewe. Na jeneza likiwekwa, imamu akiuliza watu wananishuhudiaje, asijibu mtu kwamba nilikuwa mwema mpaka Ussi awe amekwisha kujua. Akinyamaza, nizikeni kwa kimya chake. Akiondoka, msimshike nguo.

Radhi zangu mnazo, wanangu, nyote wawili. Mungu awape riziki ya halali, na ulimi mwepesi wa kusema nimekosa... mapema, kabla... kabla ya watu kubebwa. Za mama yenu mziombe kila siku. Mimi nami... ninaziomba.

Mbaraka, bado umekaa? Inuka, mwanangu. Kimbia.