Mzee Malachie Mathe na Siku Tatu za Kusoma

Wenzangu watano wa ofisi, nawasihi: karatasi hii msiinakili, msiisome kwa sauti, wala msimwonyeshe mtu wa nje, awe mke au padri. Programu ya sherehe itakuwa na wasifu mwingine, mfupi, ambao mkubwa wetu amekwisha kuupitia. Huu ndio wa kweli.

Mzee Malachie Mathe anastaafu tarehe 31 Agosti 2002, baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi ya état civil hapa Butembo, akiandikisha vizazi. Aliajiriwa akiwa na kalamu moja na sweta moja ya kijani, na sisi tuliomkuta tunashuku kwamba sweta ni ile ile.

Alikuwa na desturi yake: hakuandikisha mtoto aliyelala. Mama akifika kutoka Kasugho, miguu imemvimba, Mzee humwomba akae kwanza. "Siwezi kuandika mutu mwenye sijaona macho yake." Basi foleni nzima ilimngoja mtoto mmoja aamke. Ukungu ulishuka kutoka kwenye mikaratusi hadi dirishani, watu wakasinzia kwenye benchi, na ofisi ya serikali ikawa kimya kama chumba cha mzazi. Kisha mtoto alifumbua macho, na Mzee akachovya kalamu.

Mwaka jana kamanda wa jeshi linaloutawala mji alidai orodha ya wavulana waliozaliwa kuanzia 1984 hadi 1988, ili wapelekwe kambini. Mzee alijibu kwa barua kwamba madaftari ya miaka hiyo yameliwa na mchwa. Barua hiyo niliipiga mimi kwenye mashine, na vidole vyangu vilikosea mara nne. Mchwa hawajawahi kuingia ofisini mwetu. Madaftari yalifichwa, pamoja na ya zamani.

Mwezi wa Juni, shule ya parokia ilipojaa familia zilizokimbia vita, Mama Solange wa parokia alianzisha shindano: tusome kwa zamu, kwa sauti, tangu asubuhi hadi kengele ya jioni, siku tatu. Sauti ikidumu hadi kengele, wafanyabiashara wanazipa familia hizo maharage ya siku hiyo. Ikikatika, magunia yanarudi dukani. Watu wa Beni, mji jirani, walikuwa wamesoma siku mbili, wakatutumia salamu za kutukejeli sisi watu wa biashara: "Batu ba Butembo banajua kusoma mizani tu!" Mzee, ambaye hajawahi kuuza hata sabuni, alikasirika kwa niaba ya mji mzima.

Tulisoma kila kitu: katekisimu, vitabu vya kilimo, maelekezo ya cherehani. Mzee alisoma habari za kutunza kahawa kwa sauti ya upole, hata waliokimbia wakafumba macho. Nadhani kila mmoja aliiona kahawa yake mwenyewe, imetoa maua meupe nyuma ya nyumba aliyoiacha.

Siku ya tatu, saa nane mchana, vitabu vilikaribia kuisha, na kurudia kulikatazwa. Mzee aliondoka kimya kwenda mahali yalipofichwa madaftari. Alikusudia kuleta daftari la 1958, la watu ambao hakuna jeshi linalowataka. Lakini miwani aliiacha jukwaani, kwa sababu wasomaji wazee wote walikuwa wakipokezana hiyo moja. Alirudi, akaivaa, akafungua katikati na kusoma bila kutazama jalada: jina, baba, mama, tarehe. Mwaka 1986.

"Ni wangu uyo!" akapaza sauti Hulda, mama wa benchi la mbele, akipiga makofi. Kisha naye akaelewa, mikono ikabaki hewani.

Sajenti Benoît, mwanajeshi wa mkoa wa mbali aliyelinda mlango, alisogea na bunduki yake begani.

"Papa, ile ni buku gani?"

"Ni buku ya batu, mwana wangu."

Sajenti aliutazama ukurasa. Magunia ya maharage yalikuwa bado yameegemea ukuta. "Soma, papa," akasema polepole. "Mais myaka, hapana." Akarudi mlangoni, akatugeuzia mgongo.

Mzee akasoma majina matupu, bila miaka, hadi kengele. Ilikuwa kana kwamba wote wamezaliwa siku moja, asubuhi ile ile, na hakuna aliyekuwa mkubwa wa kutosha kubeba chochote. Jioni shule nzima ilinukia maharage. Beni wametupongeza, kwa shingo upande.

Mzee Malachie, asante. Siku zako za nyumbani ziwe ndefu na tulivu, na usingizi wako usikatizwe na mtu.

Kwenu ninyi: nimeyahamisha madaftari. Mzee hajui yalipo, kwa hiyo hana la kujibu akiulizwa. Mzazi akihitaji cheti cha mtoto wa miaka ile, asije ofisini. Anifuate nyumbani, nyuma ya karakana ya Delphin, fundi wa pikipiki, Jumapili baada ya misa ya pili, peke yake, agonge dirisha na si mlango. Mkinikosa Jumapili mbili mfululizo, msinitafute. Muulizeni mama yangu, Florentine, anayeuza makala, makaa ya kupikia, pale pale. Nimemwonyesha mahali.