Dada Subiri wa Maabara ya Macho

Ndugu, majirani na ninyi mliotoka makazini kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi cherehani, nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu shemeji anasema sina machozi ya karibu. Tangu juzi kuna minong'ono humu msibani kwamba mume wa marehemu ameruhusu mkewe atolewe macho ili apate la kwake, nami nitalisema hilo likifika zamu yake.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa mwashi na muuza mkaa, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akasomea kazi ya maabara hadi mwaka 1980, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo akaajiriwa hospitali ya macho, katika chumba cha mwisho wa korido, chenye dirisha lisilofunguka na kabati la joto la kuoteshea bakteria waliokwanguliwa kwenye vidonda vya macho. Jina la Dada Subiri alilipatia humo, kwani daktari akishawatanguliza walio hoi, waliobaki walipimwa kwa kufuata foleni, na ukija na kikaratasi cha mkubwa fulani jibu lilikuwa hilohilo, subiri. Mama yetu mzazi alipelekwa na jicho jekundu, akasubirishwa, akanuna mpaka jioni.

Mwezi Februari 1985 aliletwa kijana mchomeleaji, kipande cha chuma kilikuwa kimemkwaruza jicho la kushoto, naye akalinawa kwa maji ya ndoo ya kupozea vyuma, maji yaliyolala humo siku nyingi, kama mafundi wa mtaa ule wanavyofanya mpaka leo, jamani, mpaka leo! Kesho yake usaha ulikuwa wa kijani. Marehemu alikuta bakteria wanaopenda maji yaliyotuama, ambao hutoa vimeng'enya vya kuyeyushia chakula chao, na chakula chenyewe safari hii kilikuwa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Dawa iliwaua bakteria, wauguzi wakafurahi, yeye akawaambia wasifurahi mapema, wenye mkasi wamekufa lakini mkasi wameuacha ndani na bado unakata, ndipo daktari akaongeza dawa ya kuvizuia vimeng'enya. Jicho halikutoboka, ila lilibaki na kovu jeupe, linaona mwanga tu. Mchomeleaji alirudi kushukuru, akarudi tena kushukuru, akaja mpaka nyumbani kushukuru, hapo tukaelewa.

Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa binti mwaka 1988, ambaye ni mwalimu, na kijana mwaka 1991, fundi umeme. Mwaka 1994 marehemu alipata shahada yake kwa kuchunguza kwa nini vidonda vingine vya konea huyeyuka haraka kuliko vingine, na kila alipopata nafasi alizunguka karakana akimwaga ndoo za watu, mume nyuma yake kama chati ya kufundishia, "Baba, geuka wakuone." Alistaafu mwaka 2018.

Hospitali ilipoanza kupandikiza konea mwaka 2009, shemeji aliandikishwa, na amesubiri tangu hapo, maana wanaohitaji ni wengi na watoaji hawapatikani. Moyo wa dada ulianza kupanuka mwaka 2022, naye akatuambia mezani, sote tukiwapo, kwamba akifa konea zake zitolewe, na akafariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Sasa lile jambo. Baba mdogo alisema mtu hazikwi akiwa pungufu, tukamweleza kuwa kinachotolewa ni kioo cha mbele tu na sura haibadiliki, akakubali kwa shingo upande, na asubuhi ileile mume akaridhia. Daktari wa macho akamfuata koridoni, nikiwapo, akamwambia kwamba utaratibu unaruhusu konea moja apewe yeye, mwenzi wa marehemu, hakuna atakayelalamika. Shemeji akasema, "Daktari, mke wangu hakumrusha foleni hata mama yake. Leo amelala hapo, mimi nianze?" Konea ya kwanza amepewa mpishi wa shule na ya pili dereva wa lori, tumeambiwa kazi zao tu, hatuwajui, nao hawatujui.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, wafanyakazi wenzake wa maabara, na majirani waliopika, waliolala nasi chini, na hata walionong'ona, kwani nao walileta maji na viti. Shemeji amekaa mstari wa mbele, upande wangu wa kulia, anayetaka kuliangalia jicho lake la kushoto asione haya, aje aliangalie, ni lilelile jeupe.

Dada yangu, nimeambiwa sina machozi ya karibu, wamekosea. Pumzika kwa amani, sisi tutasubiri zamu zetu.