Nyayo Ambazo Nemesia Hakuzirudia

Ndugu zetu mliopanda mlima na mvua hii, mimi ni Delfina, binti wa Leoncio, na marehemu Nemesia Ccahuana Sullca ni shangazi yangu, familia imenituma nisome maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo baba yangu angependa niyaruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Desemba 1961 hapa Ccollpapata, mtoto wa pili na wa mwisho, alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na mguu wa kushoto aliuburura maisha yake yote, ila kujua anachotaka alizaliwa nako, wenye kasoro tulikuwa sisi wenye haraka. Ukitaka kumuuliza jambo ulimnyooshea vitu viwili, kimoja kila mkono, ukangoja, ukangoja hata viazi vikaiva jikoni, naye ama alichukua kimoja, ama alikugeuzia mgongo, na mgongo ule ndio ulikuwa hapana yake.

Aliingia shule ya hapa Machi 1969, akatolewa Juni mwaka huohuo, kwa kuwa mwalimu alijua kuuliza lakini hakujua kungoja. Kazi yake ilikuwa kusokota sufu na kuitia rangi, na shali nyingi mlizojifunika leo zimetoka mikononi mwake.

Tarehe 8 Agosti 1983, baada ya bibi, mama yao, kufariki, baba yangu alimwambia wanakwenda gulioni, akamfikisha kwenye nyumba moja ya hifadhi kule mjini Abancay, na huko akakaa mpaka tarehe 2 Mei 2011 nilipokwenda kumchukua. Mwaka 1986, akiwa humo, alipasuliwa tumbo bila kuulizwa, kwa hiyo habari za watoto, ambazo kwa wengine huwa ndefu, kwake zinaishia hapa.

Kuhusu ndoa, tarehe 14 Septemba 2019 alihamia kwa Fortunato Aiquipa, mgane, mwoka mikate wetu. Baba alifoka, "Huyu hajui anachokitaka, atamfuata yeyote mwenye mkate!" Nikamnyooshea shangazi mikono yangu, huku ufunguo wa nyumba yetu, huku kofia ya Fortunato, tukangoja, Fortunato akatokwa jasho, jirani akamtania, "Mzee, mikate inaungua huko," ndipo shangazi akaichukua kofia, akaivaa, na tangu siku hiyo hakuivua ila kanisani.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2023, akalazwa Abancay, akachagua kurudi nyumbani. Wiki ya mwisho hakuweza kuinuka kitandani, na wiki hiyohiyo wengi wenu mlimwona. Tunajua sote kwamba anayekaribia kufa huzunguka kuokota nyayo zake kila alikopita maishani, na anayeziacha roho yake haitulii. Muuza maziwa alimkuta kwenye chemchemi, amelowa mpaka magotini, mwalimu wa sasa alimkuta amesimama mlangoni mwa darasa, akaenda kumletea kiti, aliporudi hapakuwa na mtu, na Fortunato aliziona nyayo kwenye unga uliomwagika sakafuni, ule wa kushoto umebururwa, ilhali mwenye mguu yuko kitandani anahema. Alifariki Jumanne, tarehe 20 Februari 2024, alfajiri.

Jana alifika Doña Braulia, mpishi wa nyumba ile ya hifadhi, akatuambia, "Sisi tulimngojea, hata mlango tuliuacha wazi, hakuja. Ila tangu Jumanne kuna mtu anatembea kwenye korido, anaburura mguu, anasimama kila mlango." Baba yangu alilia kwa sauti, "Dada yangu anahangaika, jeneza lipitie kule akazichukue nyayo zake!" Msimcheke, anampenda, na anaogopa. Lakini mimi nilimuuliza shangazi siku chache kabla hajafariki, "Na kule nako utapita?", nikangoja, na yeye ambaye hata kijiko hakuweza kukishika, alijigeuza mwenyewe, akatazama ukuta.

Leo asubuhi majivu tuliyonyunyiza kulizunguka jeneza mpaka milangoni, kama ilivyo desturi, yamekutwa na nyayo, zimefika mlango wa mbele unaotazama barabara ya Abancay, zimesimama hapo, zimegeuka, zikatokea mlango wa nyuma unaoelekea makaburini. Aliyeziona kwanza ni baba. Alivua kofia, akasema, "Basi. Tutatokea nyuma."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha, wasokota sufu wenzake, na wewe Fortunato. Doña Braulia, uliniuliza mfanye nini hatua zile zinaposimama mlangoni. Muulizeni anataka nini, kisha mngojeeni ajibu, hata ikichukua miaka yote ile aliyokaa kwenu.

Shangazi, pumzika kwa amani pale ulipopachagua, safari hii hatuna haraka.