Mzee Baudouin, Nguzo ya Rwizi na Maharage Mabichi

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Baudouin Mugaruka anastaafu baada ya kuutumikia mto Rwizi kwa miaka kumi na tisa. Tulipomwajiri alikuwa mkimbizi mgeni katika kambi ya Nakivale, kutoka Kivu ya Kusini, mwenye baiskeli moja na maoni mengi. Baiskeli ilikwisha kuchakaa.

Kazi yake ilikuwa kusoma nguzo yenye alama za kina cha maji, asubuhi na jioni, na kuipigia simu ofisi yetu ya maji ya Mbarara. Rwizi huzaliwa katika milima ya Buhweju, hupita mjini chini ya kilima cha Nyamitanga, kisha huteremka taratibu hadi kwenye mabwawa na maziwa ya Nakivale. Mvua ya mlimani huwafikia wakulima wa bondeni siku kadhaa baadaye, jua likiwa linawaka. Kwa hiyo mavuno yao yalitegemea macho ya Mzee Baudouin.

Macho hayo, ni lazima tukiri, yaliwahi kuteleza. Julai moja ya kiangazi alituripotia kwa wiki nzima kwamba mto unapanda. Tulifika na mabuti ya kufika magotini, tukakuta ng'ombe wa pembe ndefu wakijikuna kwenye nguzo, nayo imelala upande kama mlevi. Mzee alikuwa amesoma kila alama kwa uaminifu mkubwa. Hakujiuliza tu kwa nini anaisoma huku ameinamisha shingo.

Majirani zake walicheka sana, na kicheko hicho nusura kiwagharimu chakula. Novemba iliyofuata, nguzo ikiwa wima, aliona maji yakipanda kweli. Akazunguka mashamba ya kando ya ziwa akisihi maharage yavunwe upesi, ingawa hayajakomaa. Anga ilikuwa nyeupe, bila wingu la mvua. Majirani wakamjibu: “Baba Mugaruka, ngombe imerudia tena kwa nguzo?”

Hakubishana, jambo ambalo sisi ofisini hatujawahi kulishuhudia. Alirudi nyumbani, akamweleza mkewe, Mama Marthe, na wote wawili wakaanza kung'oa maharage yao mbele ya watu. Hapo kicheko kikakatika. Kumwamini Mzee hakuna aliyemwamini. Lakini Mama Marthe, asiyepoteza hata punje, haharibu shamba kwa mzaha. Kufikia jioni ya pili, kaya arobaini na tatu zilikuwa zimevuna. Siku ya tatu maji yakafunika mashamba matupu. Watu walikula maharage mabichi mwezi mzima, wakimlaumu Mzee kwa ladha ya chakula hicho.

Nguzo tunamkabidhi Pascaline, kijana makini aliyefunzwa na Mzee mwenyewe. Mama Marthe hatuna namna ya kumkabidhi.

Asante, Mzee wetu. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na siku njema nyingi. Nawe Mama Marthe, tunakusihi: endelea kulima pale pale kando ya ziwa, mahali majirani wote wanapokuona.