Dada Povu, Mfuaji wa Kikosi cha Zimamoto

Ndugu waombolezaji, mimi ndiye mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasimulia maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Povu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, katika nyumba za nyuma ya stesheni ya reli, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe. Alisoma shule ya msingi ya jirani hadi mwaka 1982, hakuendelea kwa sababu mama yetu aliugua, akabaki kutulea sisi wadogo, na kwa mkono wake mwepesi wa kofi sote tulinyooka.

Tarehe 1 Juni 1990 aliajiriwa kuwa mfuaji wa kikosi cha zimamoto, katika chumba chenye dirisha moja nyuma ya karakana, na huko ndiko alikopata jina lake, kwani kwake nguo isiyotoa povu ilikuwa haijafuliwa. Aliwajua askari kwa vifungo vyao, na aliyeanza kuota kitambi alimjua kabla mkewe hajamjua. Dereva mmoja wa gari la zimamoto akawa analeta nguo ambazo hazikuwa chafu, watu wakanong'ona, na tarehe 19 Desemba 1992 wakafunga ndoa, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 6 Agosti 2004 ghala la ghorofa tano liliungua likaporomoka, na kwa wiki kadhaa askari, mumewe akiwamo, wakafukua kifusi kilichokuwa bado kinafuka moshi. Dada yetu hakukanyaga pale hata mara moja. Yeye alipokea nguo, zimekakamaa kwa vumbi jeupe, akawa anazikung'uta moja moja ndani ya kile chumba kabla ya kuziloweka, hadi kope zikawa nyeupe, na mabinti zake wakamtania kwa kumwita bibi.

Kikohozi kilianza mwaka uliofuata, akakichukulia kuwa mafua, lakini baadaye ikawa akipanda ngazi za nyumbani anasimama katikati, akijifanya anamsalimia jirani. Mwaka 2011 askari waliitwa kupimwa mapafu, yeye hakuitwa kwa kuwa hakuwa kwenye kifusi, na askari wenyewe ndio waliogoma kupimwa mpaka naye aingizwe. Mapafu yake yalikutwa yameharibika kwa vumbi lile kuliko ya wengi wao.

Siku ya majibu hayo shemeji yangu, mumewe, alizitoa sare zake zote za kazi kabatini akazichoma uani, na tangu hapo akawa analala kwenye kiti kando ya kitanda, akisikiliza mkewe anavyopumua.

Dada yetu alituacha mchana wa tarehe 3 Februari 2021, akiwa ameegemea kifua cha mumewe, kwani kulala chali hakuweza tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani mliopokezana kupandisha mitungi ya oksijeni, na askari wa kikosi, ambao leo mmekuja na sare mlizofua wenyewe, na mnajua angesema nini kuhusu hizo kola.

Limebaki agizo moja, ambalo aliniomba nilitamke mbele ya watu, kwa sababu nyumbani kila akilianza mumewe alitoka nje. Alisema, "Mwambie sikufua nguo zake peke yake. Nilifua za kikosi kizima. Asijibebeshe lawama."

Shemeji, nimelifikisha.

Dada yetu, pumzika sasa, kwa amani, bila kuhema.