Philomena Muise na Jibu Alilompa Karani wa Sensa

Philomena Muise alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kijiji cha Barachois Noir, magharibi mwa kisiwa cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Wazazi wake, Mathieu na Sabine Jesso, wote walikuwa Mi'kmaq, wenyeji wa asili wa pwani hiyo.

Alisoma miaka minne tu, lakini Kiingereza chake kilitosha kumfanya mkalimani wa baba yake. Mwaka 1945 karani wa sensa alipouliza wao ni watu gani, baba alimnong'oneza, "Sema Wafaransa. Mi'kmaq hapewi kazi ya kukata miti." Akasema hivyo, na karani akaandika.

Tarehe 8 Agosti 1959 aliolewa na Alban Muise, mvuvi, aliyefariki mwaka 2003. Philomena alipika katika shule ya kijiji kwa miaka ishirini na sita.

Serikali ilipokubali kuwatambua Mi'kmaq wa pwani yetu, meza yake ya jikoni ilijaa fomu. Alipekua vitabu vya ubatizo na kuziandikisha familia sitini na tatu. Wengi wetu tumetibiwa na kusomeshwa na serikali kwa kadi za Mi'kmaq tulizopata hivyo. Ombi lake mwenyewe lilikataliwa mwaka 2017, na barua ya kukataa ikaambatanishwa na nakala ya ile sensa iliyowaandika Wafaransa.

Jirani yake Leo hakuacha kumtania. "Dada Philo, sisi wote umetupa kadi, wewe umebaki Mfaransa. Basi tupikie vya Paris."

"Nyamaza, Leo. Fomu ya mkeo hujaitia sahihi."

Alicheka, lakini mabinti zake walijua hakuwa akilala. Aliogopa kuzikwa na jibu lile.

Figo zilipoanza kumsumbua mwaka 2021, Leo alimwita wakili kwenye ukumbi wa kijiji. Watu arobaini na mmoja walipanga foleni wakaapa mbele yake kwamba kila sikukuu ya Mtakatifu Anna, mzee Mathieu aliwasalisha kwa Kimi'kmaq, milango ikiwa imefungwa. Waliojificha pamoja ndio waliotoa ushahidi.

Barua ya kumkubali ilifika tarehe 19 Aprili 2022. Aliisoma mara mbili, akaomba supu ya samaki aina ya mikunga, akamaliza bakuli. "Aliyemdanganya karani ni mimi," alisema. "Nashukuru kusahihisha nikiwa hai." Usiku ule alilala hadi asubuhi.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni, bila maumivu.

Ameacha watoto wanne, Rosalie, Clément, Yvette na Bernard, wajukuu tisa, na dada yake Célestine, ambaye ombi lake lilikubaliwa wiki iliyopita kwa ushahidi uleule.

Apumzike kwa amani, Mi'kmaq kati ya Mi'kmaq, milango ikiwa wazi.