Mabawa ya Malaika wa Tetu

Asubuhi hiyo ya mwaka 1968 ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Majengo, Nyeri, lakini benchi iliyo mbele ya mkahawa wa Abdulatif ilikuwa imeshajaa. Kujaa kwenyewe ni watu wawili: Ngatia, mkalimani mstaafu wa korti aliyeitwa Hakimu na aliyekalia nafasi ya watu watatu, na Kingori, fundi wa magari, jina lake la kijiweni Spana. Mbele yao alisimama Theuri, mchoraji wa vibao vya maduka, brashi mkononi. Alikuwa ameegemeza plaiwudi yake ukutani hapo nje kwa sababu chumba chake kilikuwa na giza. Kanisa jipya la Tetu lilimwagiza nakala ya picha ya kale ya Waitaliano, ile ya malaika Gabrieli akimpasha Maria habari kwamba atazaa. Padre alimpa kalenda kuukuu aitazame anapochora. Shida ni kwamba unyevu ulikuwa umeyala mabawa ya malaika, yakabaki madoa tu.

Mabawa hayo ndiyo yaliyoipa benchi kazi. Theuri alikuwa na lake lingine. Tangu mvua ndefu zianze alikuwa amemwomba Wacera, mjane aliyeshona nguo sokoni, wawe mke na mume. Wacera alimjibu, "Acha nifikirie." Mvua zilikwisha, mahindi yakavunwa, na Wacera bado alikuwa anafikiria. Theuri hakumwambia mtu siri hiyo isipokuwa Spana, kwa hiyo Majengo nzima ilijua.

—Weka mabawa ya mwewe, alisema Hakimu. Mwewe akitumwa, anaenda moja kwa moja. Hapitii kwa watu kunywa chai.

—Mwewe anaiba vifaranga! alisema Spana. Unataka Maria afikirie ameibiwa kuku? Mimi nilifanya kazi uwanja wa ndege kule Mweiga. Kutoka mbinguni mpaka Nazareti ni mbali. Hapo iko haja ya bawa ya chuma, na injini mbili.

—Hiyo ndege yako ya Mweiga ndiyo ilikuwa inatupa mabomu msituni wakati wa vita vya uhuru, Hakimu alisema, na sauti yake ikashuka. Mimi nilikuwa huko chini. Malaika hawezi kuja na kitu kama hiyo.

Spana akapuliza kahawa yake ambayo haikuwa na moto tena.

—Haya, injini toa, alisema mwishowe.

Abdulatif alitoka na birika, akawaongezea.

—Ndugu zangu, mnabishania mabawa mawili ya nini? Jibrili, huyo Gabrieli wenu, ana mabawa mia sita. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

—Mia sita! Spana alishtuka. Theuri, hiyo plaiwudi itatosha kweli?

—Haitoshi, alisema Theuri. Alikuwa akiutazama mdomo wa Maria. Ulikuwa umebaki mdomo huo na mabawa, basi, na siku mbili nzima alikuwa ameuzunguka bila kuugusa.

—Sikizeni, alisema Hakimu, akasimama kama aliye kortini. Malaika anashuka kutoka juu. Pahali pa kwanza kukanyaga ni wapi? Si Mlima Kenya? Hakuna ingine iko karibu na mbingu kama hiyo. Lazima alipumzika hapo. Kwa hivyo hiyo bawa iko na theluji.

—Basi alikuwa anasikia baridi, alisema Spana. Mchoree koti.

—Koti itafunika mabawa.

—Si ndio vizuri? Kazi imekwisha!

Walicheka mpaka Abdulatif akaweka birika chini. Theuri naye akacheka, na ndipo alipomwona Wacera amesimama nyuma yao, kitambaa cha sketi mkononi. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama kijiweni. Hakimu akakaa, akajisogeza kidogo, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana.

Wacera hakuwaangalia. Aliangalia picha, akainama, akaangalia tena.

—Huyu msichana, aliuliza, hapa ameshakubali, ama bado?

Spana alimtazama Abdulatif.

—Katika habari yenyewe anakubali, alisema Abdulatif taratibu.

—Hiyo najua, mzee wangu. Nauliza hapa, kwa picha. Malaika ameshasema. Yeye je?

Theuri alichukua kalenda, akaisogeza karibu na jicho. Uso wa Maria ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi.

—Sijui, alisema. Na ni mimi nachora.

—Basi usimharakishe, alisema Wacera. Hiyo si kitu ndogo ameulizwa.

Theuri alidhani hilo ndilo jibu lake, na kwamba ameletewa mbele ya watu. Akachovya brashi kwenye rangi bila kujua ni rangi gani.

—Lakini mimi nimemaliza kufikiria, Wacera aliendelea. Jumapili uje Tetu kwa kaka yangu. Ukuje na wazee. Na hiyo shati imejaa rangi uiache hapa.

Akaenda zake sokoni, kitambaa begani. Theuri alitafuta pa kukaa, akakaa palepale alipojisogeza Hakimu, na wote wakacheka wenyewe kwa wenyewe kabla ya kukumbuka kumpongeza.

Picha ilipofika kanisani, Maria alikuwa amefumba mdomo, na malaika alikuwa na mabawa meupe ya kawaida tu, kama ya njiwa. Pale kijiweni hakuna aliyekumbuka kubisha. Walikuwa wakigombania nani kati yao, wazee wa Theuri, atatangulia kusema Jumapili nyumbani kwa kina Wacera.